Ndoo Zilizokataa Wino

Mapema mwaka 2022 mjomba wangu alipata oda ya ndoo 600. Sacco moja ilitaka kuwapa wanachama zawadi kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kama umewahi kuhudhuria mkutano wa Sacco unajua kwamba mwanachama anaweza kumezea gawio dogo lakini hawezi kumezea kurudi nyumbani mikono mitupu. Ndoo zenyewe zilikuwa nyeupe, za lita 10, za polithini nzito. Zilitakiwa ziwe na nembo ya kijani ubavuni, jina la Sacco na mwaka ilipoanzishwa.

Mjomba ana karakana ya kuprinti karibu na Kirinyaga Road, vyumba viwili ghorofa ya pili, na harufu ya thina inakupokea ngazini kabla hujauona mlango. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma kemia, na likizo zangu nilizimalizia pale nikikunja fulana na kuosha skrini. Fundi wake ni mzee mmoja ambaye ameprinti tangu kabla sijazaliwa. Sisi sote humwita Mzee tu.

Kabla ya kuweka wino kwenye ndoo, Mzee huipitisha motoni. Ana mdomo wa gesi uliounganishwa na mtungi mdogo kwa mpira, unatoa moto wa buluu. Anaishika ndoo kwa kijiti, anaizungusha mbele ya ule moto haraka haraka kama mtu anayebabua kuku manyoya. Sekunde moja, mbili, basi. Ndoo haiyeyuki, haibadilishi rangi, ukiitazama huoni tofauti yoyote. Kisha anaichovya kwenye maji. Ndoo ambayo haijapita motoni hutoka na maji yamejikunja vidonge vidonge, yanateleza yote chini. Iliyopita motoni hutoka imevaa maji, yameitanda kama shuka. Mzee huita kazi hiyo kuiamsha ndoo.

Tuliziamsha zote 600 mwezi wa Januari. Halafu Sacco ikachelewesha malipo ya kwanza, na mjomba si mtu wa kufungua kopo la wino kabla hajaona pesa. Tukazifunga ndoo kwenye nailoni, tukazipanga kwenye stoo ya mabati juu ya paa. Jua la Januari na Februari la Nairobi mnalijua. Pesa ziliingia wiki saba baadaye, zikiwa zimebaki siku nne mkutano ufanyike.

Mzee akasema, "Hizi zimelala tena. Ziamshwe."

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa na semesta nne za kemia kichwani, na mtu mwenye semesta nne za kemia ni hatari kuliko asiye nayo hata moja. Nikamwambia mjomba, "Anko, moto kazi yake ni kuunguza mafuta na uchafu wa kiwandani. Tulishauunguza. Ndoo zimekaa ndani ya nailoni, uchafu mpya umetoka wapi?" Ilikuwa hoja safi. Tena ilikuwa inaokoa mtungi wa gesi na siku mbili za kazi. Mjomba alitutazama, mimi kisha Mzee, akamchagua msomi.

Wino ulikaa vizuri kwa macho. Siku ya mkutano, wanachama walikuwa bado wako kwenye foleni ya chakula nembo zilipoanza kuhamia kwenye viganja vyao. Mweka hazina alitupigia simu tuje. Tulipofika alibandika seloteipu kwenye ndoo moja mbele yetu, akaibandua polepole, na nembo yote ikaja nayo, nzima, hata mwaka wa kuanzishwa ungeusoma ukiugeuza. Salio la malipo hatukulipwa. Kutoka kwenye salio hilo ndimo karo yangu ya mwaka wa tatu ilikuwa itoke.

Sitasema ndoo ndizo zilizonitoa chuoni. Kulikuwa na mambo mengine, moja likiwa kwamba madarasa yenyewe nilikuwa nayahudhuria kwa kubahatisha. Ila niliondoka, na kitu nilichoondoka nacho ni swali moja: ule moto ulikuwa unafanya nini hasa? Nimelifuata kwa miaka miwili, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na limenipeleka mahali ambapo sikutarajia. Limenipeleka jikoni kwa mwanamke mmoja wa Ujerumani.

Lakini kwanza tone la maji. Molekuli iliyo katikati ya maji huvutwa na wenzake kutoka pande zote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake wa kuivuta kutoka juu, kwa hiyo inavutwa ndani. Ndiyo sababu tone hujikunja: linajaribu kuwa na uso mdogo iwezekanavyo. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young aliandika insha kuhusu mshikamano wa viowevu, akaeleza kwamba tone likikaa juu ya kitu, pembe linayoifanya pale linapokigusa ni matokeo ya mvutano kati ya kioevu, kitu chenyewe na hewa. Kitu kikilivuta tone kwa nguvu, linatanda. Kikilivuta kidogo, linabaki kidonge. Wino ni kioevu kama maji, na sheria ni hiyo hiyo. Usipotanda kwanza hauwezi kushika.

Karibu miaka 150 baadaye William Zisman, katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, alizipa plastiki namba za jambo hili. Polithini ilipata 31 hivi. Teflon, ile inayopakwa kwenye sufuria ili chapati isigande, 18. Maji yenyewe yanajivuta kwa 72. Kwa hiyo ukimwaga maji kwenye polithini, yanapendana yenyewe zaidi ya mara mbili ya jinsi polithini inavyoweza kuyaita.

Sasa yule mwanamke. Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Austria, malaria ikamharibia afya, familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alisoma shule ya wasichana ya mji huo na alipenda sana fizikia. Chuo kikuu hakikuwa kinachukua wanawake. Na baadaye kilipoanza kuchukua, wazazi wake walikuwa wagonjwa na yeye ndiye aliyekuwa nyumbani. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alienda kusoma fizikia na akawa na jina kubwa katika taaluma hiyo. Agnes alibaki na sinki, akasoma vitabu ambavyo mdogo wake alimtumia.

Ukiosha vyombo vya mafuta kila siku kuna vitu utaviona ambavyo profesa havioni. Vumbi linaloelea juu ya maji safi linavyokimbia tone la mafuta likianguka. Maji machafu yanavyopoteza ile nguvu ya kushika kitu kidogo kilichoelea. Watu wengi huona, wanamwaga maji, wanapanga sahani. Yeye, akiwa na umri wa miaka kama 20, alijitengenezea chombo: trei ya bati yenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 5, imejaa maji hadi ukingoni, na kipande cha bati kimelazwa kwa kukingama juu yake. Ukikisukuma kile kipande, unaufanya uso wa maji upande mmoja uwe mdogo na upande wa pili uwe mkubwa. Mafuta yaliyo juu ya maji yanabanwa kama abiria kondakta anapopiga kelele kwamba kuna nafasi nyuma. Kwa mizani ndogo alipima nguvu inayohitajika kung'oa kijisahani kutoka kwenye uso huo, na hivyo akajua uso unavuta kiasi gani ukiwa umebanwa na ukiwa umeachiwa.

Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa na hakuwa na mtu wa kumwambia. Mwezi wa Januari 1891 aliandika barua kwa Lord Rayleigh, Mwingereza ambaye naye alikuwa akichunguza nyuso za maji, akamweleza kwa Kijerumani alichokiona. Mke wa Rayleigh akaitafsiri. Rayleigh angeweza kuiweka barua hiyo mfukoni, na wengi wangefanya hivyo, tusidanganyane. Yeye aliipeleka kwa jarida la *Nature* akaomba ichapishwe, na ikatoka Machi mwaka huo huo. Agnes alikuwa na miaka 29, hana shahada, na ameweka msingi wa sayansi ya nyuso kwa trei ya bati.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliiweka simu chini nikakaa kimya. Baadaye nilijikumbusha kwamba mimi sikufungiwa chuo. Nilikuwa ndani, na bado sikuona kilichokuwa ndani ya beseni la Mzee.

Kutoka kwa trei ya Agnes unaenda moja kwa moja hadi kwa Irving Langmuir, mkemia wa General Electric kule Schenectady, New York. Kampuni ilimwajiri ashughulikie balbu. Mwaka 1917 aliandika kuhusu tabaka za mafuta juu ya maji, akitumia chombo kilichotokana na kile cha Agnes, na akaeleza tabaka hilo linavyokaa: molekuli za asidi ya mafuta zimesimama wima juu ya maji, moja moja, zimepangana kama watoto gwarideni. Kila moja ina kichwa na mkia. Kichwani kuna oksijeni, na kichwa kinapenda maji, kwa hiyo kinazama. Mkia ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni tupu, hautaki kabisa habari za maji, kwa hiyo unachungulia hewani.

Shika hiyo picha ya kichwa na mkia, tutaihitaji.

Kazi ya balbu ilimpeleka Langmuir pia kwenye gesi inayowaka kwa umeme. Ukipitisha umeme wa kutosha kwenye gesi, elektroni zinang'olewa kutoka kwa atomu na gesi inakuwa mchanganyiko wa elektroni huru na atomu zilizobaki na chaji. Inang'aa. Watu walikuwa wameiona kitambo. Mabaharia wa zamani walikuwa wakiona mwanga wa buluu kwenye ncha za milingoti wakati wa dhoruba. Mwaka 1857 Werner Siemens alitengeneza ozoni kwa kupitisha hewa kati ya kuta za kioo zenye umeme. Mwaka 1879 William Crookes alihutubia mkutano wa wanasayansi kule Sheffield akasema kwamba hiyo ni hali ya nne ya maada, mbali na yabisi, kioevu na gesi. Ila haikuwa na jina lililokaa. Mwaka 1928 Langmuir aliiita plazima. Mwenzake Harold Mott-Smith alisimulia miaka mingi baadaye kwamba jinsi gesi hiyo ilivyobeba elektroni na chembe zenye chaji ilimkumbusha Langmuir plazima ya damu inavyobeba chembe za damu. Kamusi zetu zina neno lake, utegili, zuri kweli, ingawa mwalimu wangu wa kemia hakuwahi kulitamka hata siku moja.

Kwa hiyo hapo mwaka 1928 kuna mtu mmoja, meza moja, anayejua kuliko mtu yeyote duniani mambo mawili: uso wa kitu unavyopokea au kukataa kitu kingine, na gesi ya umeme iliyojaa vipande vya atomu vyenye njaa. Akapata tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi ya nyuso. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels shahada ya heshima. Alikuwa na miaka 70. Alifariki mwaka 1935. Lakini hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja ili kutatua shida ya plastiki, kwa sababu shida yenyewe haikuwa imezaliwa.

Ilizaliwa kwa bahati mbaya, Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza. Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuwa wamefungia gesi ya ethilini pamoja na kemikali nyingine kwenye chombo chenye mgandamizo mkubwa ajabu, wakaenda wikendi. Waliporudi walikuta jaribio limeshindwa, na ndani kumebaki kitu cheupe kama nta, kidogo sana. Hiyo ndiyo polithini. Ilichukua hadi mwisho wa 1935 Michael Perrin na wenzake kuweza kuirudia kwa kukusudia. Wakati wa vita ilifanywa siri, kwa sababu ilifunika nyaya za rada vizuri kuliko kitu kingine chochote. Haishikani na maji, haishikani na asidi, haishikani na mtu.

Vita vilipokwisha, viwanda vilivyokuwa vikiitengeneza kwa ajili ya jeshi vilitafuta wateja wapya. Chupa, mifuko, mabeseni, ndoo. Na hapo ndipo sifa iliyoifanya ipendwe ikageuka kuwa kero, maana mfanyabiashara hawezi kuuza mfuko usio na jina lake. Wachapaji walijaribu wino wa karatasi, ukadondoka. Walijaribu wino wa bati, ukabanduka.

Sababu sasa unaweza kuikisia. Polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni tupu. Yaani ni ule mkia wa Langmuir, mkia mtupu wenye urefu wa maelfu ya kaboni, usio na kichwa hata kimoja. Kuprinti juu yake ni kama kujaribu kushikana mikono na mtu ambaye hana mikono.

Waliopata dawa walikuwa watu wa karibu na viwanda, wenye wateja waliokasirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Werner Kreidl alipata hataza Marekani ya kupitisha polithini kwenye moto huku upande wa pili ukipozwa ili isiyeyuke. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Mzee hupitisha ndoo haraka ili isiyeyuke, Kreidl alitumia roli baridi, lakini ni kazi moja. Fundi wa Kirinyaga Road alikuwa akifanya kilichoandikwa kwenye hataza ambayo hajawahi kuisikia.

Moto una shida yake. Kuudhibiti ni kazi, na kuuweka karibu na plastiki nyembamba inayokimbia kwa kasi mashineni ni kuomba balaa. Mwaka 1951, Denmark, mhandisi Verner Eisby aliulizwa na mteja kama kuna njia ya kufanya wino ukae kwenye plastiki. Njia zilizokuwepo, ya moto na ya cheche, aliziona ni za kubahatisha. Akafikiria kutumia umeme wa masafa ya juu: pitisha plastiki juu ya roli, weka kipande cha chuma chenye umeme mkali karibu nayo, acha nafasi nyembamba ya hewa katikati. Ile hewa inageuka plazima, inang'aa zambarau, inatoa harufu kali ya ozoni. Njia hiyo inaitwa korona. Neno hilo maana yake ni taji, kwa sababu ya mwanga unaozunguka chuma. Ile ya 2020 iliitwa hivyo kwa virusi vyake vinavyoonekana kuvaa taji, basi tusilichukie neno.

Hewa yenyewe haipati joto la kuunguza. Elektroni ndizo zinazokimbia kwa nguvu, nyepesi mno kuweza kupasha kitu kizima, lakini zina nguvu ya kutosha kuvunja kifungo kati ya kaboni na haidrojeni. Haidrojeni ikiondoka, kaboni inabaki na mkono wazi, na oksijeni ya hewani inaukamata. Moto wa gesi hufika pale pale kwa njia nyingine, kwa sababu ndani yake kumejaa vipande vya molekuli vilivyovunjika vinavyotafuta cha kushika. Mwisho wa yote, juu ya uso wa polithini kumeota vichwa vyenye oksijeni, vile vile vilivyowafanya wanajeshi wa Langmuir wasimame juu ya maji. Namba ya 31 inapanda hadi 40 hivi. Wino unatanda. Na kina cha badiliko hili ni nanomita chache tu. Unywele wako una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Plastiki yote iliyobaki chini haijui kama kuna jambo limetokea.

Hivi ninavyoeleza naonekana kama jambo hili lilijulikana tangu siku ya kwanza. Halikujulikana. Eisby na Kreidl walijua inafanya kazi, na kwa miaka zaidi ya 20 wasomi walizozana kwa nini. Jacob Bikerman alishikilia kwamba kitu kikibanduka ni kwa sababu juu yake kuna tabaka dhaifu, uchafu au molekuli ndogo ndogo, na dawa ni kuliondoa. Mwaka 1966 Hansen na Schonhorn wa Bell Labs waliogesha polithini kwenye plazima ya gesi zisizopenda kushikana na kitu, kama heli, ambazo hazileti oksijeni. Gundi ikashika vizuri sana, ingawa maji bado yalijikunja karibu kama zamani. Wakasema plazima imefunga minyororo ya juu pamoja ikaufanya uso kuwa mgumu. Kwa hiyo kulikuwa na watu wazito upande wangu! Hoja yangu ya uchafu haikuwa upuzi wa mwanafunzi. Ilikuwa upande mmoja wa mjadala wa kweli, na majaribio yapo.

Kilichosogeza mjadala ni mashine. Kai Siegbahn, Msweden, alikuwa amebuni njia ya kupiga uso kwa eksirei na kusoma elektroni zinazoruka, njia inayoona nanomita chache za juu tu na kukwambia ni atomu gani ziko hapo. Alipata Nobel mwaka 1981. Katika miaka ya 1970 David Briggs na wenzake wa ICI, kampuni ile ile iliyoikuta polithini wikendi ya mwaka 1933, waliiweka polithini iliyopita kwenye korona na kwenye moto mbele ya mashine hiyo, na oksijeni ikaonekana pale juu, waziwazi. Kusafisha kunasaidia, kukaza kunasaidia, lakini kwa moto wa Mzee na umeme wa Eisby, vile vichwa vya oksijeni ndivyo vinavyoshika wino.

Na vichwa hivyo havikai.

Hili ndilo lililonimaliza. Minyororo ya plastiki haijaganda kama jiwe, inajinyonganyonga polepole, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyojinyonga zaidi. Vichwa vyenye oksijeni havina raha kuelekea hewani, kwa hiyo taratibu vinageukia ndani na mikia inarudi juu. Pia viwanda huchanganya kwenye plastiki vitu vya kuiteleza ili bidhaa zisigandane, na vitu hivyo husafiri kutoka ndani hadi juu ya uso, siku kwa siku, na kuufunika. Uchafu mpya umetoka wapi, niliuliza kwa kiburi. Umetoka ndani ya ndoo. Nailoni niliyoisifu haikuwa na la kufanya, na stoo ya mabati iliharakisha kila kitu. Wachapaji wakubwa wanalijua hili, ndiyo maana wengi hupitisha plastiki kwenye korona tena, pale pale kwenye mashine, sekunde chache kabla ya wino. Zimelala tena, alisema Mzee. Hakuna maelezo ya kitabuni niliyoyapata tangu siku hiyo ambayo ni sahihi kuliko hayo maneno mawili.

Ukitaka kuiona kazi ya plazima nenda dukani. Pakiti ya maziwa: jina la kampuni limekaa juu ya polithini, limepita kwenye friji, mvua na mikono kumi, na halibanduki. Marufuku ya mifuko ya Agosti 28, 2017 iliondoa mifuko ya kubebea, lakini vifungashio vya bidhaa viwandani viliachwa, na vinapitia umeme kabla ya wino. Lenzi za kuvaa machoni za silikoni zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 zisingevalika bila hiyo, maana silikoni inakataa machozi kama polithini inavyokataa maji. Visahani vya plastiki vya maabara, vile wanavyokuzia seli, nazo seli hazikubali kushika hadi uso upigwe plazima.

Mwezi uliopita nilienda kwa mjomba nikakuta wana ndoo 80 za harusi. Mzee yuko na moto wake, mjomba anachanganya wino. Nikawasimulia yote haya, kuanzia Braunschweig. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha pia, lakini kila nikifika hapo mjomba ananiambia nishike kijiti.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo mama wa jikoni, alilipwa?"

"Hapana, anko. Barua ilichapishwa tu. Shahada ya heshima alipewa akiwa na miaka 70."

"Na huyo wa Denmark?"

"Huyo alianzisha kampuni. Ipo mpaka leo."

Mjomba akatikisa kichwa, akarudi kwenye wino wake. Mzee alichovya ndoo kwenye beseni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa yametanda yote, hakuna kidonge hata kimoja.

"Prof," akaniita, "hii imeamka. Leta skrini kabla haijasinzia."